Mwavuli Kitandani

Mtu yuko kitandani, ndani ya chumba anacholipia kodi, na amefungua mwavuli juu ya kichwa chake. Paa linavuja. Ndiyo picha yote. Niliiona mara ya kwanza Oktoba 2018, nilipofungua jalada lililoletwa kwenye karakana ya fremu ninayofanyia kazi hapa Marseille. Kabla sijasoma maandishi wala kutafuta sahihi, niliinua macho nikatazama dari la karakana kana kwamba tone lingenidondokea palepale. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala na beseni ubavuni.

Mchoro huo ni wa Honoré Daumier. Ulitoka mwaka 1847 katika gazeti la Le Charivari la Paris, kwenye mfululizo ulioitwa Locataires et propriétaires, yaani Wapangaji na Wenye Nyumba. Chini ya picha pana mstari wa Kifaransa, na anayesema ni huyo wa kitandani: jambazi la mwenye nyumba, hataki kunifanyia matengenezo ila hali ya hewa ikiwa nzuri!

Nilisoma mstari ule mara tatu. Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia kwa masikio yangu, kwenye simu, karibu mwaka mmoja kabla. Mwenye nyumba wangu aliniambia kwa upole kabisa kwamba juu ya vigae hakupandiki wakati wa mvua, kwamba fundi atateleza, kwamba nivute subira mpaka kiangazi. Nikavuta. Kiangazi cha huku ni kikavu kweli, wiki nyingi zinapita bila wingu. Nilipompigia tena mwezi wa Julai akaja mwenyewe, akasimama katikati ya chumba, akatazama dari, akauliza, "Mbona halivuji?" Sikuwa na jibu. Doa lilikuwapo, la rangi ya chai, pana kama sinia, lakini lilikuwa limekauka.

Nataka kulieleza dari hilo kwa sababu lilinifundisha jambo kabla hata ya picha. Nyumba za zamani za Marseille ni nyembamba na ndefu, nyingi zina madirisha matatu tu upande wa barabarani, na sakafu ya vigae vyekundu vya udongo wa kuchoma. Ukizitazama kwa nje unaona mawe matupu. Lakini pande la dari langu lilipobanduka usiku mmoja na kuanguka juu ya meza, niliona ndani yake matete yaliyofumwa, na plasta ikiwa imekandikwa juu yake. Mimi ni mtu wa Tanga. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya boriti, fito na udongo, nami nilikua nikisikia watu wakisema hiyo ni nyumba ya kimaskini. Kumbe nilivuka bahari nikalala chini ya matete. Bibi alijua kitu ambacho mwenye nyumba wangu hakutaka kukijua: matete hayana ubaya wowote mradi yasilowe, na yakilowa hayasubiri msimu.

Sasa nirudi karakanani, maana huko ndiko nilikofanya kosa ambalo bila hilo nisingeutazama mchoro huu ipasavyo.

Mwaka wangu wa kwanza pale uliletwa mchoro mwingine kutoka gazeti hilohilo. Karatasi yake ilikuwa imejikunja kama jani kavu, na mwenye nayo alitaka ikae tambarare. Nikaichukulia kama nilivyochukulia mabango ya kawaida: nikailowesha kidogo, nikapaka gundi nyeupe ya maseremala kwenye ubao, nikailaza, nikaipitishia kitambaa mpaka ikanyooka. Nilijisikia nimefanya kazi safi. Mzee mwenye karakana alipoiona hakunikaripia. Aliiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Nyuma yake palikuwa na nini?" Nikamwambia maandishi ya gazeti tu. Akaniletea kisu cha mfupa na bakuli la maji, akakaa pembeni.

Gundi ile haiachii. Nilikaa siku nyingi nikiibandua karatasi kidogo kidogo kama mtu anayemenya yai bichi, na bado vipande vya nyuma vilibaki ubaoni, herufi zikiwa zimegeuka kinyumenyume. Karakana ilimweleza mteja ukweli na kumlipa. Kilichonichoma zaidi kilikuwa yale maandishi. Sikuwa nimeyasoma hata neno moja. Siku ile ya zamani, mtu aliyenunua gazeti alikuwa ameshika habari na picha kwa mkono mmoja, mimi nikaziachanisha kwa sababu nilidhani upande wa mbele ndio wenye thamani.

Mzee alinieleza basi jinsi michoro hii ilivyotengenezwa, na akanionyesha kwa jiwe lenyewe, maana analo moja dogo rafuni. Ni jiwe la chokaa, laini kama sabuni kavu, la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Mawe bora yalitoka Solnhofen, Bavaria, na ufundi huu wenyewe ulivumbuliwa Bavaria pia, na Alois Senefelder, mwishoni mwa miaka ya 1790. Siri yake kila mpishi anaijua: maji na mafuta hayachanganyiki. Mchoraji anachora juu ya jiwe kwa chaki yenye mafuta. Jiwe linapakwa gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, kisha linaloweshwa. Sehemu tupu zinashika maji. Mistari ya chaki inayakataa. Ukipitisha rola yenye wino wa mafuta, wino unakaa kwenye mistari peke yake. Unalaza karatasi, unapitisha mashine, unapata picha, na picha inatoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Kwa hiyo mchoraji lazima afikiri kinyume.

Ukikaribia sana karatasi ya Daumier, pua yako karibu iguse, utaona kwamba weusi wake si weusi mtupu. Ni punje. Chaki imepita juu ya vipele vya jiwe na kuacha vijishimo vyeupe, kama unga uliochekechwa juu ya kitambaa cheusi. Pembeni, herufi mbili, h.D., ndogo, za haraka. Na katikati ya weupe wa karatasi unaona kivuli cha herufi za upande wa pili, safu kwa safu, zimepenya kama mishipa chini ya ngozi.

Kisha mzee aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Mawe hayo yalikuwa ghali, kwa hiyo baada ya kuchapa, jiwe lilisuguliwa kwa mchanga na maji mpaka mchoro ukafutika, na mchoro mwingine ukachorwa palepale. Daumier alichora michoro ya namna hii karibu 4,000 katika maisha yake. Mkono wake uligusa mawe, na mawe yakafutwa. Kilichobaki ni karatasi za bei rahisi za gazeti, zilizotengenezwa ili zisomwe asubuhi na kutupwa jioni. Ndiyo maana mtu kama mimi, mwenye brashi na uwanga wa ngano, ana kazi.

Nikajifunza habari zake taratibu, kwa sababu alikuwa mtu wa mji huu. Alizaliwa Marseille mwaka 1808. Baba yake alikuwa fundi vioo, mtu wa kazi ya mikono kama yetu, mwenye ndoto ya kuwa mshairi, na ndoto hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Paris mtoto akiwa bado mdogo. Ushairi haukuwalisha. Kijana alitafutiwa kazi mapema, akawa tarishi katika ofisi ya dalali wa mahakama. Kwa anayejua kazi ya dalali wa mahakama, kwetu au kwao, hilo linaeleza mengi: kijana wa umri ule aliona vitanda vikitolewa nje na mashuka yakiwa bado juu yake.

Paris ya wakati huo kodi ililipwa kila miezi mitatu, Januari, Aprili, Julai na Oktoba: vyumba vidogo tarehe 8, nyumba kubwa tarehe 15. Siku hizo mitaa ilijaa mikokoteni ya watu wanaohama. Mpangaji mpya alimtilia bawabu sarafu mkononi ili chumba kihesabiwe kuwa chake, wakaiita senti ya Mungu. Mtu wa Dar es Salaam au Unguja angeiita kilemba bila kufikiri. Na mwenye nyumba, katika vichekesho vya Paris, alikuwa na jina lake la utani: Bwana Vautour. Vautour ni tumbusi. Baadaye, serikali ilipoanza kubomoa katikati ya mji ili kupitisha barabara pana, Daumier alimchora huyo tumbusi amesimama akifurahia nyumba ya jirani inavyoporomoshwa, kwa sababu vyumba vikipungua, yeye atapandisha kodi.

Basi turudi kwenye karatasi yangu ya Oktoba. Aliyeileta alikuwa mama mmoja mtu mzima, kairithi kwa baba yake. Akaitandaza mezani kwa heshima, akaniambia anaipenda sana, ila anaomba kitu kimoja: ubao wa dirisha, yaani kadibodi iliyokatwa uwazi katikati, nitakaouweka juu yake uyafunike yale maneno ya chini. Alisema yanaipigia picha kelele, kwamba mwavuli unatosha.

Mzee alikubaliana naye. Na alikuwa na hoja. Daumier mara nyingi hakuandika maneno ya chini ya michoro yake. Waliandika watu wa gazeti, naye akawaachia. Wapo wengi wanaosema mchoro wake hausimami kwa maneno, unasimama peke yake. Kwa hiyo kuyafunika, mzee alisema, si kumkata mchoraji.

Mimi huwa sibishani na wateja, na kwa mzee yule nina adabu ya mtu aliyefundishwa kazi. Lakini siku ile sikuweza kunyamaza. Kwenye ndoano ya mlango palining'inia kanga niliyokuja nayo, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Niliishusha nikaitandaza mezani, mbali kidogo na karatasi. Nikawaonyesha mji, nikawaonyesha pindo, kisha nikawaonyesha jina na kuwaeleza maana yake. Nikakunja ukingo mpaka jina likapotea. "Sasa ni kitambaa," nikasema. "Kizuri, lakini kitambaa. Nyumbani kwetu mwanamke hanunui kanga bila kusoma jina. Aliyechora maua na aliyetunga jina huenda hawakuwahi kuonana, lakini aliyeivaa ndiye aliyewakutanisha."

Yule mama alitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama ninaweza kumsomea tena, kwa Kiswahili. Nikamsomea. Kisha akasema atafikiri, akaiacha karatasi kwetu, akaenda zake.

Nadhani nilikuwa ninajitetea mwenyewe zaidi ya kuutetea mchoro. Jioni ile nilirudi nyumbani, nikapanda ngazi, nikakaa kitandani nikatazama doa, na kwa mara ya kwanza nikaliona. Ninasema nililiona kwa mara ya kwanza ingawa nililala chini yake mwaka mzima. Mpangaji huzoea. Unajua beseni linawekwa wapi, unajua godoro linasogezwa kiasi gani, unaanza kuhesabu hayo kuwa tabia ya chumba, kama dirisha lisilofunga vizuri. Aliyekaa kitandani na mwavuli amekwisha kuzoea pia. Kinachonitisha kwenye picha ile ni kwamba amejipanga, amepata utaratibu wa kuishi na mvua. Ni yale maneno ya chini tu yanayokataa kuzoea. Yafunike, na utabaki na mtu mwenye vituko.

Nikafanya nilichofundishwa na karatasi. Nilipiga picha ya doa, nikaandika tarehe. Nikapiga picha ya matete. Nikapiga picha ya beseni asubuhi, maji yakiwa yamefika wapi. Chini ya kila picha nikaandika maneno ya mwenye nyumba kama alivyoyasema, na siku aliyoyasema: juu ya vigae hakupandiki wakati wa mvua, mbona halivuji. Sikuongeza neno la hasira hata moja. Kisha nikaambatanisha na barua, nikaituma kwa rejista, ile ambayo anayepokea lazima aitie sahihi. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 6 Julai 1989 kuhusu upangaji inamdai mwenye nyumba ampe mpangaji makazi yanayofaa. Nilikuwa na haki hiyo tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kuitumia kwa sababu nilidhani kuvuja ni jambo dogo la nyumbani, aibu ya kufichwa wageni wakija.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama wa Kingazija aliyekulia Unguja, ndiye mtu niliyekuwa nikizungumza naye Kiswahili kila siku. Nilimwonyesha barua kabla sijaituma. Akavaa miwani, akazipitia picha moja moja. "Mwanangu," akasema, "na mimi bafuni kwangu kuna ufa, unaingia kidole. Uje unipigie." Nikaenda. Ufa ulikuwa unaingia vidole viwili.

Jumatatu ya tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi, baada ya siku za mvua kubwa, nyumba mbili za rue d'Aubagne, namba 63 na 65, katika mtaa wa Noailles, ziliporomoka. Watu 8 walikufa. Miongoni mwao alikuwamo mama wa asili ya Komoro. Kutoka kwangu mpaka pale ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, sokoni ninakonunua mihogo na ndizi za kupika. Nilipofika barabara ilikuwa imefungwa, vumbi bado liko hewani, na watu wamesimama bila kusema kitu. Jirani yangu alikuwa tayari yuko pale, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimshika bega. Hatukuwa na la kuambiana.

Siku zilizofuata wakaguzi walipita nyumba hadi nyumba, na maelfu ya watu wakatolewa katika majengo yaliyoonekana ya hatari. Jengo letu lilikuwa mojawapo. Tulipewa muda wa kuchukua vitu vichache. Nilichukua nguo, hati zangu, na bahasha ya zile picha. Nilikaa hotelini majuma kadhaa pamoja na watu wengi wa mitaa ile, wengine na watoto wachanga, tukipasha chakula kwa birika la umeme.

Karakanani niliendelea kwenda. Karatasi ilikuwa bado droo ya chini, ndani ya jalada lake, ikimsubiri mwenyewe. Sikuweza kuifungua. Nilikuwa nimeicheka mwezi uliotangulia, kicheko cha mtu aliyejitambua, na sasa niliona haya kwa kicheko kile. Mzee aliliona hilo. Siku moja, bila kuniambia chochote, alifungua kitabu kikubwa cha michoro ya Daumier na kukiacha wazi mezani pangu.

Ulikuwa mchoro wa mwaka 1834, Rue Transnonain. Mwezi wa Aprili mwaka ule, wakati wa machafuko Paris, askari waliingia katika nyumba ya kupanga kwenye mtaa huo na kuua wakazi wake ndani ya vyumba vyao. Daumier hakuchora askari. Alichora baada yao. Mwanamume ameanguka sakafuni akiwa amevaa shati la kulalia, mgongo umeegemea kitanda, mashuka yamevutwa chini pamoja naye, na chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga. Hakuna anayelia, hakuna anayekimbia. Kitanda tu, na mwanga wa asubuhi ukiingia.

Nilijua kabla ya hapo kwamba alifungwa. Mwaka 1832 alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya watu. Na nilijua kwamba mwaka 1835 serikali ilitunga sheria iliyokomesha vibonzo vya siasa, na kwamba ndipo yeye na wenzake wa Le Charivari walipogeukia mambo ya kila siku: ndoa, mabafu ya mtoni, mawakili, abiria wa treni, kodi ya nyumba. Vitabu vingi vinalieleza hilo kama kushuka daraja. Aliachishwa makubwa akapewa madogo.

Nilivitazama vyumba vile viwili siku ile, kimoja mezani kitabuni, kingine nilichokikumbuka kutoka droo ya chini. Kitanda hiki na kitanda kile. Mtu mwenye nguo za kulalia, ndani ya nyumba ya kupanga, mahali ambapo binadamu anastahili kuwa salama kuliko popote pengine, na mara zote mbili kilichoingia kutoka nje hakikupaswa kuingia. Sisemi maji ya mvua ni sawa na risasi. Lakini nilikuwa nimetoka kuona nyumba zilizoua watu wasiopigwa risasi na mtu. Daumier hakuacha siasa mwaka 1835. Alibadilisha mlango wa kuingilia. Mkaguzi wa serikali aliutazama mwavuli akaona kichekesho, akaupitisha.

Hata jina la gazeti nililielewa upya. Charivari ni zogo la masufuria, vijiko na mabati ambalo watu wa kijiji walimpigia mtu chini ya dirisha lake usiku, wakitaka aone aibu kwa alilotenda. Yule mama aliyesema maneno yanaipigia picha kelele alikuwa amesema kweli, na zaidi ya alivyojua.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Mzee, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinisimulia kisa ambacho watu wa kazi yetu hukisimulia mara kwa mara. Daumier alipozeeka, macho yakififia na mkono ukiwa mtupu, rafiki yake mchoraji Camille Corot alimpa nyumba katika kijiji cha Valmondois, kaskazini mwa Paris, na inasemekana alimwambia kwamba hafanyi hivyo kwa ajili yake, anafanya ili kumkera mwenye nyumba wake. Kama Corot alisema hivyo kwa maneno hayo, hiyo ni hadithi ya mafundi. Kwamba Daumier alifia Valmondois, Februari 1879, hilo ni la kweli. Mimi kisa hicho nakipenda kwa sababu ya adabu yake: anayesaidiwa hapewi mzigo wa shukrani.

Yule mama alirudi mwezi wa Aprili. Hakuketi. Alisema alikuwa akipita rue d'Aubagne kila siku tangu Novemba, pale penye pengo kati ya nyumba, na hataki maneno yafunikwe. Kisha akaomba kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimethubutu kukipendekeza: kioo pande zote mbili, ili na nyuma ya karatasi pasomeke.

Niliifanya kazi ile kwa siku nne. Sikuipaka gundi popote. Nilipika uwanga wa ngano mpaka ukawa kama uji mwepesi, nikauchuja mara mbili, nikakata vipande vinne vya karatasi ya Kijapani, vyembamba kama ngozi ya kitunguu, nikavitumia kama bawaba kuishika karatasi kwa ukingo wake wa juu tu, ili ipumue na ili fundi atakayekuja baada yangu aweze kuitoa kwa pamba yenye unyevu, bila kisu cha mfupa. Pembezoni niliacha nafasi ya kutosha, kichwa cha mfululizo kionekane juu, na mstari wa chini wote, mpaka alama ya mshangao. Nilipoigeuza kwenye mwanga, mtu wa kitandani alionekana kwa nyuma kama kivuli, mwavuli wake ukiwa juu ya safu za habari.

Jengo letu lilifunguliwa tena kabla ya hapo, baada ya nguzo za chuma kuwekwa ghorofa ya chini na ule ufa wa bafuni kwa jirani kuzibwa. Mkaguzi aliyekuja kwangu aliomba vithibitisho, nikampa bahasha. Alisoma kimya, picha moja baada ya nyingine, akafika kwenye ile ya Julai, akasoma maneno ya chini yake kwa sauti: mbona halivuji. Akaandika kitu kirefu kwenye fomu yake. Majirani walipoona hivyo wakaanza kuniita, na kwa majuma kadhaa kila jioni nilikuwa kwenye chumba cha mtu, tukipiga picha za kuta na kuandika tarehe, na mimi nikiwauliza swali moja: alikwambiaje? Andika alivyosema. Usimrekebishe.

Fundi wa dari alikuja Julai 2019. Alipanda juu ya vigae kwanza, akabadilisha vilivyovunjika, ndipo akaingia ndani na kuangusha dari la zamani lote. Matete yalianguka kwa mafungu, meusi upande uliokuwa ukilowa, ya rangi ya asali upande mwingine. Nilimwomba aniachie moja. Nimelifuta, nimelikausha, nikaliweka ndani ya bahasha pamoja na picha na nakala ya barua, na nyuma ya bahasha nimeandika kwa penseli laini, ile tunayotumia karakanani kwa sababu haidhuru karatasi, tarehe ya tone la kwanza.